Halmashauri zetu zimegeuka madalali wa viwanja, na sisi tunakuja kushtuka mawe ya mipaka yameshachimbiwa

Mkaa Pembezoni (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, lakini naomba tusome wote, hasa sisi tuliojenga au tunaotafuta pa kujenga kule mji unakotanukia.

Hoja yangu ni hii. Kisheria halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji. Ndiyo inayosema hapa zijengwe nyumba, hapa shule, hapa soko, hapa pabaki wazi watoto wacheze. Halmashauri hiyohiyo siku hizi inategemea kuuza viwanja ili bajeti yake itimie. Kazi hizo mbili zikikaa kwenye ofisi moja, kinacholiwa kwanza ni kile kisicho na mnunuzi: eneo la wazi, kiwanja cha zahanati, mkondo wa maji ya mvua.

Tumefikaje hapa? Kodi ya majengo ilikuwa ya halmashauri. Mwaka 2016 ukusanyaji ukahamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA), tangu 2021 tunakatwa tunaponunua umeme wa LUKU, na 2023 kiwango cha nyumba ya kawaida kikapanda kutoka 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi. Kodi ya pango la ardhi nayo inakusanywa na wizara ya ardhi. Sasa mkurugenzi anapangiwa lengo la mapato ya ndani, wilaya yake haina mgodi wala bandari, ushuru wa mazao unasuasua. Anatazama huku na huku aone anachoweza kuuza, anakuta mashamba ya watu pembeni ya mji.

Tuitazame Dodoma. CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliundwa 1973, wakati wa uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi pale. Kwa zaidi ya miaka 40 ardhi ya mji ule ilikuwa mikononi mwake na wananchi walipewa umiliki wa miaka 33. Tarehe 15 Mei 2017 Rais Magufuli akaivunja, majukumu yakaenda manispaa, na mwaka uliofuata Dodoma ikawa jiji. Wengi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Halafu serikali yenyewe ikahamia, mahitaji ya makazi yakapaa, ikaanza kasi ya kupima na kuuza: Iyumbu, Nala, Mtumba, Nzuguni, Michese. Jiji likapanda juu kabisa kati ya halmashauri zinazokusanya mapato ya ndani, na viwanja vikiwa na mchango mkubwa. Kilichofuata wakazi wa kule mnakijua: milki pandikizi, watu wawili wana barua za kiwanja kimoja, wenye mashamba ya asili wanadai fidia au viwanja mbadala, hadi wizara ikaenda kuendesha kliniki za ardhi, yaani kusikiliza migogoro ya watu palepale.

Tatizo silioni kwenye kupima viwanja. Nchi hii imewahi kupima ikapendeza. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilitokana na mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970, ambao Benki ya Dunia ilitia fedha. Njia zilichongwa kwanza, maeneo ya huduma yakatengwa, ndipo mtu akapewa kiwanja ajenge kwa uwezo wake. Ukaja mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002: Bunju, Mbweni, Kibada, Gezaulole, Tuangoma, Buyuni, Mwanagati. Una kasoro zake, lakini ukifika Kibada leo unaona barabara imenyooka na gari la zimamoto linapita. Linganisha na sehemu kubwa ya Dar es Salaam, ambako zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wanaishi kwenye makazi yasiyopangwa.

Sasa pita Sinza hiyohiyo uone mpango mzuri unavyobomolewa bila tingatinga. Kiwanja cha makazi kimepata kibali cha kubadili matumizi, kimekuwa baa. Cha jirani kimekuwa gesti. Cha tatu ukumbi wa sherehe. Bomba la majitaka lilipimwa kwa familia moja moja, leo linabeba vyumba 40 vya wageni. Hakuna siku baraza lilikaa likatamka kwamba Sinza isiwe tena ya makazi. Kilipita kibali kimoja, kikapita kingine, kila kimoja kikiwa na mhuri wake.

Niwape la kwangu, halmashauri siitaji. Nilikuwa mjumbe wa serikali ya mtaa. Afisa mipango miji alikuja na mchoro, akaubandika kwa selotepu kwenye ubao wa darasa la pili. Kijani ilikuwa eneo la wazi, kipande kizuri cha tambarare, na ubavuni mwake pameandikwa shule ya msingi. Watu walifurahi, maana watoto wetu wanavuka barabara kuu kwenda shule. Ikazungushwa karatasi ya mahudhurio, tukaandika majina, namba za simu, tukasaini. Karatasi ile haikuwa na kichwa cha habari juu.

Mchoro uliporudi umeidhinishwa, kijani ilikuwa imebaki utepe kando ya korongo, mahali ambapo hata mbuzi hasimami masika. Pale pa shule pamechorwa viwanja, vyote vina namba. Tulipouliza tukaonyeshwa muhtasari: "wananchi waliridhia mabadiliko". Nyuma ya muhtasari imebanwa karatasi yetu ya mahudhurio. Saini yangu ni ya nne kutoka juu.

Ndiyo maana naandika. Tukiletewa X nyekundu ya bomoabomoa ukutani tunapiga kelele, waandishi wanakuja, mbunge anakuja. Lakini jambo lilishakwisha zamani, kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, mbele ya madiwani wachache, siku ambayo hakuna mwananchi hata mmoja aliyekuwa ukumbini. Tuingie mapema. Karibuni tujadili.

Pagale Lisiloisha

Mkuu umegusa kidonda. Sisi tuliingizwa kwenye urasimishaji, yaani kupimiwa na kupewa hati pale tulipokwisha kujenga bila mpango. Tukaitwa mkutanoni, ikaundwa kamati, ikaletwa kampuni, tukaambiwa kila kiwanja 150,000. Nililipa nikapewa risiti. Wakaja vijana na mashine yao, wakapima, wakachimbia mawe. Baada ya hapo kimya. Kampuni haipokei simu. Halmashauri inasema sisi tuliingia mkataba na kampuni, kampuni ililetwa na halmashauri. Hati sina, na nikitaka kuuza mnunuzi anauliza hati.

Fundi Bikoni

Nafanya kazi idara ya ardhi, mkoa nitauacha. Naomba nitetee kidogo maana mleta uzi ameeleza upande mmoja.

Kiwanja hakiji bure. Kabla sijachimbia jiwe la kwanza nahitaji fedha za fidia kwa wenye mashamba, mafuta ya gari, posho za vijana wa kufyeka, uchongaji wa barabara. Serikali kuu ilitoa shilingi bilioni 50 za mkopo usio na riba kwa ajili ya programu ya KKK, yaani kupanga, kupima na kumilikisha, halmashauri zikakopeshwa. Mkopo unarejeshwa. Unarejeshwa kwa nini kama siyo kwa kuuza viwanja? Ukiniambia nisiuze, nitapima kwa fedha gani? Na nisipopima, watu wanauziana vipande vya 15 kwa 20 bila njia, halafu mwaka wa mafuriko mnauliza mipango miji walikuwa wapi.

Kuhusu kubadili matumizi, mwenye kiwanja analeta maombi, analipa, tangazo linawekwa, majirani wanapewa muda wa kupinga. Kwa uzoefu wangu maombi mengi hayapati pingamizi hata moja. Kamati ikatae kwa kigezo gani?

Mkaa Pembezoni (mleta uzi)

Fundi Bikoni, asante kwa kuja kwa heshima na kwa hoja. Kwenye gharama uko sahihi na sikupingi hata kidogo. Anayenunua kiwanja kilichopimwa alipie barabara na mawe, hilo ni haki.

Ninachopinga ni faida ya viwanja kuwekwa kwenye bajeti kama chanzo cha kudumu cha kuendeshea ofisi. Hapo ndipo wewe mtaalamu unapoitwa na kuambiwa "mchoro huu ongeza viwanja". Umeshaambiwa hivyo, nina hakika. Kama fedha za mradi zingekaa kwenye akaunti yake, zikarejesha mkopo, zikachonga barabara za eneo hilohilo na kupima eneo linalofuata, usingesukumwa kula shule.

Na tangazo. Mara ya mwisho niliona la kubadili matumizi limebandikwa kwenye nguzo ndani ya geti la mwombaji. Jirani atalisomea wapi?

Fundi Bikoni

La kuambiwa niongeze viwanja sitalijibu hapa. La tangazo nakubali, lipo sana.

Binti Wa Shamba

Habari zenu kaka na dada. Mimi ni msomaji tu siku zote, leo naomba msaada. Baba yetu ameacha shamba, aligawiwa na serikali ya kijiji miaka hiyo, na tumelima tangu tukiwa watoto. Kijiji kimekuwa mtaa. Wamekuja watu wa halmashauri, wamefanya uthamini, tumepigwa picha na mama tumeshika kibao chenye namba, tumesaini fomu. Tumeambiwa tusiendeleze chochote. Mpaka sasa hatujalipwa, na mama anaogopa hata kupanda mahindi. Mwenyekiti anasema kijiji kikishakuwa mtaa ardhi ni ya halmashauri, tushukuru tutakachopewa. Ni kweli?

Mshauri Wa Kata

Dada yangu, pole na msiba, na mpe mama pole. Mwenyekiti amekupotosha, nikueleze taratibu.

Ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini. Wewe na mwenye ghorofa Posta wote mna haki ya kutumia tu. Kijiji kikiwa kijiji, kinaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999: halmashauri ya kijiji inasimamia, na ugawaji unahitaji baraka za mkutano mkuu wa kijiji. Kikigeuka mtaa, nguvu hiyo ya wanakijiji inaondoka, na watu wengi hawaambiwi hivyo siku ya kusherehekea kupandishwa hadhi. Serikali ya mtaa haigawi ardhi. Lakini haki yenu haifi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inatambua ukaaji na utumiaji wa muda mrefu, na inasema ardhi ikitwaliwa fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Katiba nayo Ibara ya 24 inalinda mali yako.

Fidia siyo thamani ya migomba peke yake. Kuna thamani ya ardhi yenyewe, mazao, majengo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi kwa mwenye nyumba, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Ikichelewa zaidi ya miezi sita inaanza kudai riba.

Na hili lishike sana. Kwa Sheria ya Uthamini ya 2016, uthamini wa fidia usipolipwa ndani ya miaka miwili unakwisha nguvu. Lazima ufanyike upya kwa bei ya soko ya wakati huo. Tafuta nakala ya fomu mliyosaini, angalia tarehe.

Binti Wa Shamba

Nakala hatukupewa. Walichukua zote.

Mshauri Wa Kata

Basi andika barua kwa mkurugenzi, nakala kwa mthamini wa wilaya, uombe nakala ya fomu na ukurasa wa jedwali la fidia wenye jina la marehemu. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa urudi nayo. Na kama mirathi hamjafungua, fungueni sasa hivi mahakama ya mwanzo. Bila msimamizi wa mirathi, siku fedha zikija hamtazipata, na hapo ndipo baba wadogo huanza kujitokeza.

Mzee Wa Makole

Vijana, nimesoma yote. Nimezaliwa Dodoma kabla ya hiyo CDA. Naomba mleta uzi asiiache nusu nusu historia ile. CDA ilikuwa na wataalamu, ilikuwa na mpango kabambe (master plan) wa 1976 uliochorwa na kampuni kutoka Toronto, na maeneo ya wazi mengi tunayojivunia leo yanatokana na mchoro ule. Lakini ilikuwa mamlaka isiyochaguliwa. Ukibomolewa, diwani anakwambia hana uwezo, mbunge anakwambia aongee na nani. Mtu na nyumba yake anaitwa mvamizi kwenye ardhi aliyozaliwa babu yake, Mgogo wa hapahapa. Watu waliishia kujenga usiku.

Leo maamuzi yako kwa Jiji lenye madiwani tunaowapigia kura. Pamoja na makosa yote mnayoyataja, mimi nachagua kosa ninaloweza kuliondoa kwa kura.

Mkaa Pembezoni (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Nimekuelewa, na ninakubaliana nawe kwamba kurudi kwa mamlaka isiyo na diwani siyo dawa. Ninachoongeza ni kwamba kura ya kila miaka mitano haitoshi kwa mchoro unaopita ndani ya kikao cha asubuhi moja. Mkutano wa Baraza la Madiwani kwa sheria ni wa wazi, mwananchi anaruhusiwa kuingia akakaa akasikiliza. Mara ngapi mmeona viti vya wananchi vimejaa?

Mzee Wa Makole

Marahaba. Hilo ni kweli, viti huwa vitupu.

Jirani Wa Kileleshwa

Salamu kutoka Nairobi. Msidhani huku ni tofauti sana. Katiba yetu ya 2010 inalazimisha umma kushirikishwa, na tuna sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019. Bado Kileleshwa, Kilimani na Lavington nyumba za familia moja zimeng'olewa, zimepandwa gorofa ndefu huku mabomba ya maji na majitaka yakibaki yaleyale. Kilichosaidia kidogo ni vyama vya wakazi. Wanachanga, wanaweka wakili, bango la maombi likitundikwa tu barua ya kupinga inaingia kaunti kabla siku hazijaisha. Kesi nyingine wanashinda, nyingine wanashindwa, lakini mwenye mradi anajua watu wako macho.

Mchoma Mahindi

Mimi nitasema msichotaka kusikia. Sisi wananchi wenyewe tunauza. Mwenyekiti wa mtaa anakata asilimia 10 ya kila mauziano, haipo kwenye sheria yoyote, na tunamlipa huku tukicheka naye. Eneo la wazi la mtaani kwetu lilianza na kibanda cha chipsi, kikaja cha mbao, likaja gereji, sasa kuna mtu ana karatasi ya mauziano imegongwa mhuri. Halmashauri haikuhusika, tulikuwa sisi.

Mkaa Pembezoni (mleta uzi)

Mchoma Mahindi, ni kweli tupu na nimeiona kwa macho. Eneo la wazi lisilo na mti, uzio wala goli la mpira linaonekana halina mwenyewe. Mitaa inayopanda miti na kuweka magoli siku mchoro unapotoka inalinda maeneo yake kuliko inayosubiri halmashauri ilete bango.

Pagale Lisiloisha

Sasa mkuu tuambie kwa vitendo. Mtu kama mimi, fundi wa aluminiamu, nafanyaje? Kushitaki halmashauri siwezi.

Mkaa Pembezoni (mleta uzi)

Kushitaki kweli kumekuwa kugumu. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2020, ukiishitaki halmashauri unatoa notisi ya siku 90, unamuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi inakwenda Mahakama Kuu. Baraza la kata nalo tangu 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Ndiyo maana nasisitiza kuzuia mapema.

Anza kwa kuujua mchoro wa mtaa wako. Kila mchoro wa mipango miji una namba, iombe ofisi ya ardhi. Wakikuzungusha, andika ombi rasmi ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inawapa siku 30 za kukujibu. Omba mchoro na omba muhtasari wa kikao kilichoupitisha. Watu wengi wanaomba mchoro wanasahau muhtasari, na uongo unakaa kwenye muhtasari.

Mkiitwa kwenye mkutano wa mtaa kuhusu upangaji, msisaini mahudhurio kabla karatasi haijaandikwa juu tarehe, ajenda na maneno "mahudhurio tu". Mmoja wenu aupige picha mchoro uliobandikwa, siku hiyohiyo, na aitume kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Sisi hatukupiga picha, tukabaki na maneno matupu dhidi ya muhtasari wenye mhuri.

Jirani akiomba kubadili matumizi, andikeni pingamizi lenye sababu za kitaalamu: maegesho, majitaka, kelele, njia ya zimamoto. "Hatutaki baa" haina uzito mbele ya kamati. "Barabara ina upana wa mita sita na hakuna pa kugeuzia gari la zimamoto" ina uzito.

Kwa kampuni ya urasimishaji, mkataba uliosainiwa na kamati yenu upo ofisi ya mtaa. Tafuta kipengele cha muda wa kukamilisha. Muende kama kamati, msiende mmoja mmoja, mpeleke na risiti zote.

Fundi Bikoni

Naongeza kwa Pagale. Kabla hamjaenda, ulizeni kama ramani ya upimaji ya mtaa wenu imeshaidhinishwa na mpima wa mkoa. Kama imeidhinishwa, kazi ngumu imekwisha, mnaweza kuomba hati moja kwa moja ofisi ya ardhi bila kampuni. Kama haijaidhinishwa, yale mawe yaliyochimbiwa hayana nguvu kisheria, na huo ndio mzigo wa kuidai kampuni.

Pagale Lisiloisha

Hili hakuna aliyewahi kutuambia. Jumatatu naenda na mwenyekiti wa kamati.

Binti Wa Shamba

Mshauri, nimeongea na mama. Anakumbuka picha tulipigwa mwaka ule dada mkubwa alipojifungua mtoto wa kwanza. Mtoto yuko darasa la kwanza.

Mshauri Wa Kata

Basi miaka miwili imepita zamani. Uthamini ule hauna nguvu tena, na hawawezi kuwalipa kwa bei ya wakati ule. Kwenye barua ongeza aya moja: mnaomba wathibitishe kwa maandishi kama bado wanalihitaji eneo, na kama wanalihitaji wapange tarehe ya uthamini mpya. Msisaini hundi wala fomu yoyote kabla ya hapo. Nitumie rasimu kwenye ujumbe binafsi niipitie. Na mwambie mama apande mahindi yake. Mazao ya msimu hayamzuii mtu kulipwa, na shamba likiwa pori ndipo wanapoandika kwamba limetelekezwa.